Mbao Zilizookwa Ukutani: Zinafaa Ndungu, au Tutawalisha Mchwa?

Leo mpunga na tangawizi vitasubiri kidogo. Tuzungumze kuta.

Wengi wenu mmefika hatua ya kujenga. Mmoja anataka chumba safi cha kufungashia mchele, mwingine banda la kuku wa mayai lisilogeuka tanuri saa saba mchana, mwingine duka la pembejeo pale barabarani. Bloku na saruji zinakula mtaji, na bati tupu ukutani kwa joto la huku bondeni ni adhabu. Kwa hiyo mbao inarudi kwenye mazungumzo. Na si kitu cha kuonea aibu: mwaka 2021 kulitangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 28 kule Fumba, Zanzibar, la Burj Zanzibar, ambalo sehemu kubwa ya mwili wake ingekuwa mbao.

Sasa simu zenu zinawaonyesha majengo ya Ulaya yaliyovishwa mbao za kahawia iliyokolea. Maelezo yanasema zimeokwa kwa joto kali, hazina dawa hata tone, haziozi. Ndipo naulizwa: "Bwana shamba, hizi tukizitafuta zitatufaa huku kwetu?"

Jibu langu fupi ni hili: mbao hizo ni nzuri kweli, ila zimetengenezwa kupambana na adui ambaye kwetu hapa bondeni si wa kwanza. Jibu refu ndilo somo la leo, na kuna fedha zenu ndani yake.

Kuoka si kuunguza

Ubao wa kawaida hunyonya unyevu mvua ikija na kuutoa jua likiwaka. Ukinyonya unavimba, ukitoa unasinyaa. Ndiyo maana mlango wako unakwama masika na kuachia mwanya kiangazi. Ndani ya mbao kuna nyuzi ngumu, kuna gundi ya asili inayozishika nyuzi hizo, na kuna kundi la tatu, sukari zilizoungana kwa minyororo mifupi, ambazo wataalamu huziita hemiselulosi. Hizi za tatu ndizo zinazopenda maji kupita kiasi, na fangasi wa kuozesha mbao nao huziona kama chakula laini cha kuanzia.

Wafini, katika miaka ya 1990, kupitia taasisi yao ya utafiti ya VTT, waliboresha njia ya kuziharibu hizo sukari kwa joto bila kuuchoma ubao wenyewe. Mbao zao nyingi ni msindano na jamaa zake, miti laini inayooza haraka ikiachwa nje. Bidhaa iliyotokana na kazi hiyo inajulikana kwa jina la ThermoWood. Mbao zinaingizwa kwenye tanuri lililofungwa, zinakaushwa kwanza kabisa, kisha joto linapandishwa. Kwa miti laini, daraja la kwanza huokwa kwa nyuzi joto 190 hivi na la pili kwa 212, na joto hilo la juu hushikiliwa kama saa mbili au tatu. Muda wote huo kuna mvuke ndani ya tanuri, unaoifukuza hewa ya oksijeni. Bila mvuke huo mbao zingeshika moto. Mwishoni zinapozwa taratibu na kurudishiwa unyevu kidogo ili zisipasuke.

Mkate nao huokwa kwenye joto la karibu 200, kwa hiyo neno "kuokwa" silitumii kwa mzaha. Mkate ulioiva ni kahawia mpaka ndani ya ganda lake. Mkate ulioungua ni mweusi juu na huenda ndani bado ni ujiuji. Shika tofauti hiyo, tutaihitaji.

Ubao ulioiva vizuri hunyonya unyevu karibu nusu tu ya ule wa kawaida, na kuvimba na kusinyaa kwake hupungua kwa kiasi kinachokaribia hapo hapo. Fangasi wanakosa pa kuanzia. Hakuna sumu iliyoongezwa, jambo ambalo kwa mtu anayefungasha chakula au kufuga kuku ni la maana sana. Ila joto linachukua malipo yake. Ubao unakuwa mkavu wa kuvunjika, na nguvu yake ya kubeba inaweza kupungua hata kwa asilimia 30 kwa zile zilizookwa sana. Kwa hiyo ni mbao za kuvisha ukuta. Hazibebi kenchi, haziwi nguzo, na wenyewe wanaozitengeneza wanakataza zisigusane na ardhi. Na ile rangi ya kahawia mnayoipenda kwenye picha haidumu juani. Usipoipaka mafuta yenye kinga ya jua, baada ya muda inakuwa kijivu kama nguzo za zizi la babu.

Mchwa hasomi lebo

Finlandi haina mchwa. Weka hilo akilini unaposoma sifa za bidhaa yoyote ya mbao kutoka kule. Daraja la uimara linaloandikwa kwenye vipeperushi vyao linazungumzia fangasi. Mchwa ni habari nyingine: anakula nyuzi zenyewe, na kuoka hakujaziondoa nyuzi. Wanaouza mbao hizi kwa uaminifu hawaahidi kwamba zinamzuia mchwa.

Na sisi hapa Ndungu tuko wapi? Tuko chini ya milima ya Upare, bondeni, kwenye joto. Upande huu kuna skimu ya mpunga inayopata maji ya mto Yongoma, upande ule nyika inayoelekea Mkomazi. Mchwa wa ardhini anataka vitu viwili tu, unyevu kwenye udongo na chakula kikavu juu yake. Pembeni ya skimu tumempa vyote. Ukitaka ushahidi, chukua kipande cha banzi ukilaze nyuma ya nyumba wiki chache za vuli, kisha ukigeuze.

Kwa hiyo mtu akiagiza mbao zilizookwa kwa bei kubwa, akazipigilia mpaka chini kwenye udongo kama tunavyopigilia mabanzi ya banda la mbuzi, atakuwa amenunua biskuti za mchwa. Samahani kwa lugha, lakini ndivyo ilivyo.

Na zile njia zetu za mtaani?

Kuna waliosikia "mbao ya joto" wakasema, ah, hiyo tunaijua, wazee walikuwa wanachoma kitako cha nguzo kabla ya kuisimika. Wazee walikuwa na sababu, kwa kuwa mkaa wenyewe hauliwi na fangasi wala mchwa. Shida ni kwamba mkaa ule ni ganda jembamba, una nyufa, na nyuma yake ni mti mbichi uleule. Huo ndio mkate mweusi juu na ujiuji ndani. Wajapani wana ufundi wao wa kuunguza uso wa mbao za ukuta, unaitwa yakisugi, na kuta hizo hudumu. Lakini zinawekwa ukutani, juu ya msingi, chini ya paa, na hazizikwi kwenye udongo.

Kijana mmoja aliniuliza kama anaweza kuoka mbao zake mwenyewe kwenye tanuri la tofali. Nilimwambia hapana, na nawaambia nyote hapana. Bila mvuke wa kufukuza hewa na bila kipimo cha joto, utapata moto, au utapata mbao zilizoiva upande mmoja na kupinda upande wa pili. Mtaji wako usiuweke humo.

Oili chafu ya gari ndiyo dawa maarufu zaidi mtaani. Inafanya ukuta uonekane umetibiwa, lakini imebeba mabaki ya metali za injini, inanuka, inachangia moto kushika haraka, na haiingii ndani ya ubao kiasi cha kumzuia mchwa kwa muda mrefu. Kwenye chumba cha mchele au banda la kuku isikaribie kabisa.

Halafu kuna mbao na nguzo zenye dawa ya kijani ya kiwandani, zile zinazoingizwa dawa kwa shinikizo. Hizi zinamzuia mchwa kweli. Aina iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Kama nguzo ya kushikilia paa, iliyosimama mbali na chakula, sina ugomvi nayo. Lakini usitengenezee chombo cha kulishia kuku, usipangie rafu za mchele, na hapa naomba mnisikilize: vipande vinavyobaki visiende jikoni. Moshi wake na majivu yake yana aseniki. Wamarekani waliacha kuzitumia kwenye nyumba za kuishi kufikia mwisho wa 2003, na huku kwetu bado naona fundi akiwaachia akina mama masalia kama kuni za bure. Yakusanyeni, yafukieni mbali na kisima na mfereji.

Ukuta unaodumu unaanzia chini

Sasa tujenge. Kinachofanya ukuta wa mbao udumu ni jinsi ulivyochorwa kabla ya aina ya mbao kuingia kwenye hesabu, na michoro mizuri haihitaji kuagizwa nje.

Kwa majengo ya biashara hapa bondeni mimi napendekeza bloku au mawe mpaka urefu wa mita moja, kisha mbao kuanzia hapo kwenda juu. Mita hiyo moja inafanya kazi nyingi kwa pamoja. Matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini hayafiki kwenye mbao. Ukiosha sakafu ya banda, maji hayagusi mbao. Panya anapata shida. Na mchwa analazimika kujenga njia yake ya udongo juu ya ukuta mtupu, ambapo utaiona. Kama fedha haitoshi mita moja, basi isipungue sentimita 45, na hapo usibanie.

Juu ya huo ukuta, kabla ya mbao ya kwanza, laza kipande cha bati laini kinachotokeza nje kama sentimita tano na kukunjwa kuelekea chini. Bati hili haliui mchwa. Linamfanya azunguke nje, mahali pa wazi, na ukiona njia ya udongo imepita juu ya bati unaibomoa na kuchukua hatua. Mchwa anayeonekana anadhibitiwa. Hasara yote hutoka kwa yule aliyepanda ndani ya ufa wa ukuta bila mtu kujua.

Nyuma ya mbao acha nafasi ya hewa. Mafundi wengi hapa hupigilia ubao moja kwa moja kwenye fremu, wakimaliza wanaona wamebana vizuri. Mvua ya upepo ikipenya kwenye kiungo, maji yanakaa nyuma ya ubao na hayana pa kwenda. Pigilia kwanza papi za wima, inchi moja kwa mbili, kila sentimita 60, kisha mbao za ukuta zilale juu ya papi hizo. Hapo unapata kama sentimita mbili na nusu za hewa inayopanda kutoka chini hadi juu. Inakausha ubao, na tena inapunguza joto linaloingia ndani. Kuku wako watakushukuru kwa mayai. Mdomo wa chini na wa juu wa nafasi hiyo ufungwe kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, maana bila wavu umewajengea panya ngazi.

Paa litokeze. Sentimita 60 ni kiwango cha chini, 90 ni bora upande unaopigwa na mvua. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wameona vile vibanda vya mbao vya Mandara na Horombo: paa limeshuka hadi karibu na ardhi, kiasi kwamba ukuta wa pembeni ni kama haupo. Aliyechora vile alijua kwamba ubao usiolowa hauhitaji dawa ya kuoza. Ninyi hamhitaji kufika huko, ila hii tabia ya kukata bati usawa wa ukuta ili kuokoa nusu bati tuiache.

Misumari iwe ya mabati, isiyoshika kutu. Kila ubao upate msumari mmoja kwenye kila papi, na msumari huo upite juu kidogo ya ukingo wa ubao wa chini bila kuubana. Ukibana mbao mbili kwa msumari mmoja, moja ikisinyaa nyingine inapasuka. Kwa mbao zilizookwa, toboa kwanza kwa drili halafu tumia msumari au skrubu ya chuma cha pua. Zina uchachu unaokula chuma cha kawaida, na ukizigonga kavu zinachanika.

Jambo moja la moto, kwa wafugaji. Ubao uliookwa unaungua kama ubao mwingine wowote. Jiko la mkaa la kulelea vifaranga likae katikati ya chumba, juu ya kitu kisichoungua, na katika chumba hicho ukuta wa ndani ujengwe kwa bloku.

Kausha kabla hujapigilia

Kama kuna sehemu ya sayansi ya Wafini tunayoweza kuichukua bure, ni hii: ubao uingie ukutani ukiwa mkavu. Mbao za mgrivea na msaiprasi zinazoshuka kutoka milimani mara nyingi zinafika zikiwa bado na maji ya msumeno. Ubao wa sentimita 20 ukipigiliwa mbichi unaweza kupungua karibu sentimita moja kwenye upana wake. Ndiyo ile miale ya jua mnayoiona inapenya stoo mpya.

Panga mbao kivulini, juu ya tofali, na kati ya kila tabaka weka vipande vya papi vilivyokauka, vikiwa vimepangana wima kimoja juu ya kingine kila futi mbili. Juu kabisa weka uzito. Vichwa vya mbao vipake rangi nzito siku ileile ya kupasua, kwa sababu maji hutoka kwa kasi zaidi vichwani na ndiko nyufa zinakoanzia, hasa kwa upepo wetu huu mkavu. Mbao za inchi moja zipe miezi miwili mpaka mitatu. Kujua kama ziko tayari hauhitaji mashine: chagua ubao mmoja mfupi, upime kwenye mzani wa dukani kila wiki, andika. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kwa kiwango cha hewa ya hapa.

Chagua mbao za kiini. Ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo ndiyo anayoipenda mchwa na mdudu wa unga. Mtiki wenye kiini kilichokomaa, ukiupata kihalali, unamshinda mchwa kuliko msindano wowote uliookwa. Nasisitiza kihalali. Mkulo wa msitu wa Chome ni wa hifadhi, usiuguse hata ukiletewa usiku kwa bei ya kutupwa. Na hata mti wa shambani kwako, pita ofisi ya misitu ya wilaya kuulizia kibali kabla ya kuuangusha na kuusafirisha.

Hesabu ya ukuta mmoja

Chukua ukuta wa mita 6 kwa mita 3, wote mbao, ili hesabu iwe wazi. Ubao wa inchi moja kwa nane ukirandwa unabaki na upana wa kama sentimita 19. Ukilaliana sentimita 3, unafunika 16. Sentimita 300 gawanya kwa 16 ni mistari 19 kwa kukamilisha. Mistari 19 mara mita 6 ni mita 114. Ubao wa futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo unahitaji mbao 32. Ongeza asilimia 10 ya vipande na zenye kasoro, unafika 35.

Sasa rudia ukiwa umejenga bloku mita moja chini. Zimebaki sentimita 200, mistari 13, mita 78, mbao 22, na nyongeza zinakuwa 24 au 25. Umeokoa mbao 10 kwa ukuta mmoja. Fedha hiyo inalipia sehemu ya bloku, na bloku haziliwi. Fanya hesabu hii kwa bei za siku hiyo kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote, mimi nikiwemo.

Nani basi azitafute mbao zilizookwa?

Kule juu Mamba na Vunta, ambako ukungu hukaa ukutani asubuhi nzima na kuoza kunatangulia mchwa, zina hoja. Mwenye mpango wa nyumba ya wageni kwa watalii wa Mkomazi naye anaweza kuzitumia kwa sehemu ya juu ya ukuta, ile inayoonekana, msingi ukiwa umepanda vizuri. Na kijana anayepanda miti kibiashara azifuatilie kama soko. Finlandi hiyohiyo ndiyo iliyofadhili mpango wa Panda Miti Kibiashara kule Nyanda za Juu Kusini kuanzia 2014, na kwa ufundi wa mbao tuna chuo chetu cha viwanda vya misitu, FITI, pale Moshi. Anayetaka kujua tanuri la kukaushia mbao linavyofanya kazi aanzie huko. Kukausha kwa tanuri peke yake tayari ni biashara, kabla hata hujafikiria kuoka.

Ukikutana na muuzaji, muulize mti gani umeokwa, kwa nyuzi ngapi na kwa matumizi gani. Kama anasema "hizi haziliwi na mchwa", mwambie aandike hivyo kwenye risiti, pamoja na miaka. Kisha chukua kipande kimoja cha futi moja, ukilaze chini pembeni ya mfereji wa shamba lako kipindi cha vuli, na kipande cha msaiprasi pembeni yake. Mfanye hivyo kabla ya kulipa, si baada. Ukigeuza vipande hivyo mwezi Januari, nipigie uniambie ulichokuta.